Haki Mbele ya Kadhi: Mafundisho ya Kiislamu juu ya Uadilifu na Historia Yake Katika Pwani Yetu

Tunapozungumzia utamaduni wa pwani ya Afrika Mashariki, aghalabu tunataja misikiti ya mawe, milango ya nakshi, majahazi, tenzi na mavazi. Ni nadra kuitaja baraza ya kadhi. Walakini kwa muda wa karne nyingi hapo ndipo mjane alipodai fungu lake la urithi, mkopeshaji alipodai deni lake, na jirani alipomshitaki jirani yake kwa mpaka wa shamba. Mahali watu wanapoamuliwa ni sehemu ya utamaduni wao sawa na mahali wanapochezea ngoma, kwani hapo ndipo maneno makubwa ya jamii hupimwa kwa vitendo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, Uislamu unafundisha nini juu ya haki. Pili, mafundisho hayo yalitendwaje katika miji ya pwani. Tatu, yalifikwa na nini ulipokuja utawala wa kigeni, na baada ya uhuru. Hatuandiki ili kusifu tu, wala hatuandiki ili kulaumu tu. Wazee wetu walituachia msemo usemao "Mnyonge hana haki", na mwingine usemao "Mwenye nguvu mpishe". Watu hawasemi hivyo ila wameona jambo. Ikiwa dini ya watu hao ilifundisha kuwa mnyonge na mwenye nguvu ni sawa mbele ya hakimu, yatupasa tuulize kwa nini misemo yao ilisema kinyume. Swali hili ndilo litakalotuongoza.

MANENO TULIYORITHI

Lugha ni shahidi wa kwanza. Tukiyatazama maneno ya Kiswahili yanayohusu uamuzi, tutaona kwamba mengi yalipitia mikononi mwa makadhi na wanazuoni kabla ya kuenea kwa watu wote. Haki, sheria, hukumu, mahakama, shahidi, wakili, dhamana, rehani, wasia, mirathi, amana, dhuluma: yote hayo asili yake ni Kiarabu, na yote yalikuwa maneno ya kazi katika baraza ya kadhi. Neno haki kwa asili lina maana ya ukweli pamoja na kile anachostahili mtu. Kwa hiyo anayesema "nipe haki yangu" haombi hisani, bali anataka ukweli urudi mahali pake. Hukumu, hakimu na hekima ni maneno ya shina moja, kana kwamba lugha yenyewe inatuonya kwamba ahukumuye bila ya hekima amekosa nusu ya kazi yake.

Pamoja na maneno hayo, tulibaki na maneno yetu ya Kibantu. Kuamua ni kutoa uamuzi, na pia ni kuwatenganisha wanaopigana. Maana hiyo ya pili ina uzito wake: mwamuzi wa kienyeji aliingia kati ya watu wawili ili waendelee kuishi pamoja. Kadhi wa pwani alirithi kazi zote mbili. Alitakiwa ajue sheria ya vitabuni, na alitakiwa pia ajue namna ya kuwarudisha nyumbani ndugu waliogombana.

MAFUNDISHO YENYEWE

Msingi wa mafundisho ya Kiislamu juu ya haki ni Kurani. Katika Sura ya An-Nisaa waumini wanaamrishwa kusimamia haki na kutoa ushahidi wa kweli hata kama ushahidi huo utawadhuru wao wenyewe, au wazazi wao, au jamaa zao; na asipendelewe tajiri kwa utajiri wake, wala maskini kwa umaskini wake. Katika Sura ya Al-Maida wanakatazwa kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki waliyonayo juu ya watu fulani. Amri hizi mbili zikiwekwa pamoja huziba milango miwili mikubwa ya dhuluma. Mtu hupotoka katika haki ama kwa kumpenda mno aliye wake, ama kwa kumchukia mno asiye wake.

Hadithi za Mtume zinaeleza jambo hilo kwa mifano. Iko habari ya mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzumu aliyeiba, na watu wakataka kumwombea kwa sababu ya nasaba yake. Mtume alikasirika, akaeleza kuwa mataifa yaliyotangulia yaliangamia kwa kumwacha mkubwa akiiba na kumwadhibu mdogo, na kwamba hata binti yake mwenyewe asingesamehewa. Iko pia hadithi inayowagawa makadhi katika mafungu matatu, na fungu moja tu likaokoka: yule aliyeijua haki akahukumu kwayo. Aliyeijua akaiacha, na aliyehukumu kwa ujinga, wote wawili wameangamia. Kwa sababu hiyo wachamungu wengi waliukimbia ukadhi. Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, husimuliwa kuwa alikataa kuwa kadhi wa Khalifa Al-Mansur, na kukataa huko kukamtia gerezani.

Wanazuoni waliziweka kanuni za kazi hiyo kwa makini. Katika waraka unaonasibishwa na Khalifa Umar kwa Abu Musa Al-Ashari, kadhi anaamrishwa kuwasawazisha wagomvi katika kuwatazama, katika kuwakalisha na katika kuwasikiliza, ili mwenye cheo asitumai kupendelewa wala mnyonge asikate tamaa. Mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi, na mwenye kukana ndiye mwenye kula yamini. Suluhu baina ya watu inaruhusiwa, maadamu haihalalishi kilicho haramu. Tena kadhi asione haya kuiacha hukumu aliyoitoa jana akibainikiwa leo kwamba alikosea. Vitabu vya fikihi vinaongeza kuwa kadhi asihukumu akiwa na hasira, wala njaa kali, wala usingizi. Na asipokee zawadi ya mtu ambaye hakuwa na desturi ya kumpa zawadi kabla hajawa kadhi.

Tunapenda vijana waizingatie kanuni hii ya mwisho. Wanazuoni hawakuuliza tu kama zawadi ilitolewa kwa nia mbaya, kwa sababu nia imefichika moyoni. Waliuliza jambo linaloonekana: je, mtu huyu alikuwa akikupa kabla hujakalia kiti hiki? Kila aliyepata kufanya kazi katika ofisi za umma anajua kuwa kipimo hicho hakijachakaa.

KADHI KATIKA MIJI YA PWANI

Msafiri Ibn Battuta alifika pwani yetu mwaka 1331. Mogadishu alimkuta kadhi ambaye asili yake ilikuwa Misri, naye ameeleza jinsi mashitaka yalivyosikilizwa. Mambo ya sheria ya dini yalikatwa na kadhi. Mengineyo yalikatwa na baraza ya mawaziri na maamiri. Jambo likihitaji rai ya mtawala, liliandikwa katika karatasi na kupelekwa kwake, naye akajibu nyuma ya karatasi hiyo hiyo. Habari hii ni fupi, lakini inatufundisha kwamba zaidi ya miaka mia sita iliyopita palikuwapo katika pwani hii mgawanyo wa kazi za hukumu, na palikuwapo maandishi.

Kilwa, Ibn Battuta alimsifu Sultani Al-Hasan bin Sulaiman kwa unyenyekevu na ukarimu wake. Alikula na mafakiri, akawaheshimu wanazuoni, na akatenga sehemu ya tano ya ngawira kwa matumizi yaliyoamrishwa na Kurani. Lakini ngawira hiyo ilitoka wapi? Msafiri huyo huyo anatuambia kuwa Sultani alikuwa akiwashambulia mara kwa mara watu wa bara waliokuwa jirani zake. Basi ndani ya mji palikuwa na fungu la maskini lililohesabiwa kwa uaminifu, na nje ya mji palikuwa na watu walionyang'anywa mali hiyo iliyohesabiwa. Sultani huyo alipokufa, nduguye Daudi aliyemrithi hakuwa na ukarimu kama wake. Waombaji waliambiwa kuwa mtoaji amekwisha kufa. Hapa tunaona udhaifu wa namna mbili: haki iliyoishia kwenye mpaka wa mji, na wema uliotegemea uhai wa mtu mmoja.

Madhehebu ya wengi katika pwani yalikuwa ya Imamu Shafii, aliyezaliwa mwaka 767 na kufariki mwaka 820. Kitabu kilichotegemewa sana na makadhi kilikuwa Minhaj cha Imamu Nawawi. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala tangu mwaka 1806 hadi 1856, alipohamishia makao yake Unguja alikuja na madhehebu ya Kiibadhi. Hakuwalazimisha raia zake waliokuwa Washafii wayafuate. Waliwekwa makadhi wa madhehebu zote mbili, na Sultani mwenyewe akawa na baraza ambapo watu waliweza kumfikishia malalamiko yao.

Miongoni mwa makadhi mashuhuri wa karne hiyo ni Sheikh Muhyiddin Al-Qahtani, mzaliwa wa Barawa, aliyekuwa kadhi wa Unguja na pia mshairi. Mwingine ni Sheikh Abdulaziz Al-Amawi, naye mzaliwa wa Barawa, aliyepewa ukadhi wa Kilwa akiwa kijana bado. Wa tatu ni Sayyid Ahmad bin Sumeyt, mzaliwa wa visiwa vya Komoro, aliyekuwa nahodha wa chombo kabla ya kuwa kadhi. Huyu hakuelewana na Seyyid Barghash, akaondoka Unguja, akafika hadi Istanbul. Hakurudi ila Barghash alipokwisha kufariki mwaka 1888. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, mwanachuoni wa Mombasa, yeye alifungwa na Sultani huyo. Mambo haya yanatuonyesha kuwa kiti cha kadhi hakikuwa cha raha. Aliyemweka kadhi aliweza pia kumwondoa. Vitabu vilisema kadhi huhukumu hata juu ya mtawala, na riwaya maarufu humweleza Khalifa Ali akisimama mbele ya kadhi wake Shuraihi na kushindwa katika madai ya deraya yake kwa kukosa ushahidi. Lakini si kila mji uliokuwa na mtawala wa namna hiyo.

FUNGU LA MJANE

Kama tukitaka kuona mahali ambapo mafundisho yalishika mizizi barabara, tutazame mirathi. Katika jamii nyingi za zamani mali ya marehemu ilichukuliwa na wanaume wa ukoo, na mjane mwenyewe akahesabiwa pamoja na mali. Kurani iliyataja mafungu ya warithi kwa hesabu, na kadhi hakuwa na ruhusa ya kuyapunguza.

Tuchukue mfano. Mtu amefariki, ameacha mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na watoto wawili wa kike. Baada ya kulipa gharama za maziko, madeni na wasia, zimebaki shilingi 3,200. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, atapata sehemu ya nane, yaani shilingi 400. Zilizobaki 2,800 zitagawiwa watoto, na mwana wa kiume atapata mara mbili ya fungu la mwana wa kike: yeye shilingi 1,400, na kila mmoja wa dada zake shilingi 700. Marehemu hakuwa na uwezo wa kumnyima binti yake kwa wasia, maana wasia haupiti thuluthi ya mali, wala haumhusu mrithi ila kwa ridhaa ya warithi wenzake.

Msomaji wa leo ataona mara moja kuwa mafungu ya kaka na dada si sawa, na mjadala juu ya jambo hilo upo. Wanaoyatetea hueleza kuwa mwanamume ndiye aliyebebeshwa mahari na masurufu ya nyumba. Wanaoyapinga hujibu kuwa siku hizi wanawake wengi wanabeba mzigo huo huo. Hatukusudii kuumaliza mjadala huo hapa. Tunataka ieleweke tu kwamba fungu lililotajwa kwa hesabu ni silaha mkononi mwa mdai. Ndiyo maana wanawake wa Unguja, Lamu na Mombasa walimiliki nyumba na mashamba kwa majina yao wenyewe, wakauza, wakaweka rehani na wakaweka wakfu. Na ndiyo maana hawakuogopa kwenda kwa kadhi. Katika mahakama za kadhi mwanamke ndiye aliyeonekana mara nyingi akidai: mahari ambayo hayakulipwa, masurufu yaliyokatika, au kufutiwa ndoa na mume aliyemtelekeza.

MTUMWA MBELE YA KADHI

Sasa tufike penye jambo zito. Uislamu uliukuta utumwa duniani, ukauwekea mipaka, lakini haukuufuta kwa amri moja. Kumwacha mtumwa huru ni ibada kubwa, na ni kafara ya makosa kadhaa. Mtumwa aliweza kuandikiana na bwana wake mkataba wa kujikomboa kwa malipo ya mafungu. Suria aliyemzalia bwana wake hakuuzwa, na bwana akifa aliachwa huru. Mtoto wake alikuwa mwungwana tangu kuzaliwa. Kumtia utumwani Mwislamu huru kulikuwa haramu kabisa.

Hiyo ndiyo sheria. Historia ya pwani katika karne ya 19 ilikwenda njia nyingine. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na mashamba ya nafaka ya Malindi, yalitaka mikono, na biashara ikaifuata tamaa. Misafara ilileta Kilwa na Bagamoyo watu waliotekwa katika vita na mavamizi, bila ya mtu kuuliza walitekwaje. Mbele ya kadhi, katika madhehebu ya Kishafii, ushahidi wa mtumwa haukukubaliwa. Hebu tufikiri maana yake. Mtu aliyedhulumiwa kuliko wote ndiye ambaye neno lake halikuwa na uzito. Kanuni ya kuwasawazisha wagomvi ilikuwapo, lakini ili usawazishwe ilibidi kwanza uhesabiwe. Hapa ndipo "Mnyonge hana haki" ulipopata ushahidi wake.

Tusiseme kwamba hapakuwa na waliojali. Waungwana wengi waliwaacha watumwa wao huru kwa wasia, wengine kwa kutafuta radhi za Mwenyezi Mungu, na makadhi waliziandika hati za uhuru na kuzitetea. Lakini hisani ya mmoja mmoja haikuuondoa mfumo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Seyyid Barghash aliutia sahihi akishinikizwa na Uingereza. Amri ya mwaka 1890 ilikataza kuuza na kununua watumwa. Amri ya mwaka 1897 iliiondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba, lakini ilimtaka mtumwa mwenyewe aende kuomba uhuru wake, na bwana akalipwa fidia. Masuria hawakuhusishwa mpaka mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Jambo la kuzingatia ni kwamba baadhi ya watumwa hawakuridhika na karatasi ya serikali peke yake. Walipendelea kuachwa huru na mabwana wao kwa mujibu wa sheria ya dini, kwa sababu walitaka uhuru utakaotambuliwa na jirani, msikiti na kadhi.

Hapa pana somo la lugha ambalo mwalimu asiliache lipite. Neno uhuru, tulilolipigania na kulisherehekea tarehe 9 Desemba, 1961, lilikuwa kwanza neno la hati ya kadhi. Huru alikuwa mtu asiye mtumwa. Na mahuru walikuwa watumwa walioachwa. Taifa zima lilipochukua neno hilo kuwa jina la lengo lake, lilichukua bila ya kujua haja ya yule aliyesimama mbele ya baraza akiomba aandikwe kuwa ni mtu.

MAHAKAMA MBILI KATIKA MJI MMOJA

Utawala wa kigeni haukumwondoa kadhi, ulimpunguza. Unguja, raia wa Uingereza, wakiwamo wafanyabiashara wengi kutoka India, walihukumiwa katika mahakama ya Kiingereza, na sheria nyingi zilizotumika humo zilitungwa kwa ajili ya India. Basi watu wawili waliokaa mtaa mmoja na kuuziana bidhaa walikuwa chini ya mahakama mbili. Tanganyika, Wajerumani waliwatumia maliwali na maakida katika utawala na hukumu, na Waingereza wakaendelea na mahakama za maliwali katika miji ya pwani. Kidogo kidogo jinai, biashara na ardhi vilitoka mikononi mwa kadhi, akabakiwa na ndoa, talaka na mirathi.

Kisa cha wakfu kinaonyesha jinsi sheria ya watu inavyoweza kuamuliwa mbali na watu wenyewe. Ilikuwa desturi ya Waislamu kuweka nyumba au shamba wakfu kwa ajili ya kizazi chao, na kizazi kikikatika manufaa yaende kwa maskini au msikiti. Mwaka 1894, katika kesi iliyotoka Bengal, majaji wa Baraza la Mfalme mjini London waliamua kuwa wakfu wa namna hiyo si sadaka ya kweli, kwa vile maskini wamewekwa mbali mno. Wanazuoni walipinga, kwani katika Uislamu kumpa jamaa yako mhitaji ni sadaka. Waislamu wa India walilalamika mpaka ikatungwa sheria mwaka 1913 kuurudishia wakfu huo nguvu. Lakini sheria hiyo haikuwahusu watu wa Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kesi ya familia moja ya Kenya ilipofika London, majaji walishikilia uamuzi ule ule wa Bengal, ingawa watu wa pwani wana madhehebu yao na vitabu vyao. Ilibidi sheria ya kuutambua wakfu wa kizazi itungwe huku pia. Waamuzi wale walikuwa mabingwa wa sheria yao. Walichokosa ni kuwauliza wenye wakfu neno sadaka lina maana gani kwao.

Wanazuoni wa pwani hawakukaa kimya katika zama hizo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwana wa yule aliyefungwa na Barghash, alianzisha Mombasa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, akawahimiza Waislamu kusoma na kujirekebisha. Tangu mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Baadaye cheo hicho kilishikwa na Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, ambaye tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1969. Tafsiri ile ilikuwa pia kazi ya haki, maana mtu asiyeielewa sheria inayomhukumu hana njia ya kujitetea.

BAADA YA UHURU

Nchi zetu zilipojitawala zilichukua njia mbalimbali. Tanzania Bara, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliunganisha mahakama zote katika mfumo mmoja, ili raia asihukumiwe kwa kabila lake wala dini yake. Sheria ya Kiislamu haikufutwa. Iliendelea kutumika katika ndoa na mirathi za Waislamu, lakini mbele ya hakimu wa serikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliziweka ndoa zote chini ya sheria moja, na kuwataka wanandoa wapite kwanza katika baraza la usuluhishi kabla ya mahakama kuivunja ndoa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua, katika kesi ya wanandoa Waislamu, kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya familia, ingawa kwa sababu za kesi yake mdai mwenyewe hakupata fungu. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa jambo geni kabisa. Walakini wanazuoni wa Kishafii walikwisha kusema zamani kuwa kupika na kufua si wajibu wa mke kisheria. Kitu kisichokuwa wajibu, kikitolewa miaka na miaka, kina thamani yake.

Zanzibar mahakama za kadhi ziliendelea. Ziliwekewa sheria mwaka 1985, na sheria nyingine mwaka 2017. Na rufaa zake huishia Mahakama Kuu ya Zanzibar. Kenya, mahakama za kadhi zililindwa na makubaliano ya mwaka 1963 juu ya ukanda wa pwani, na Katiba ya mwaka 2010 imezihifadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Tanzania Bara mjadala juu ya mahakama ya kadhi umerudi mara kwa mara, ukiwamo ule wa Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zote za Tanzania Bara. Kwa jambo hili tunaweza kusema kuwa baraza ya kadhi ilitangulia. Hati zake nyingi ziliandikwa kwa Kiarabu, lakini mdai na mdaiwa walisema na kusikilizwa kwa lugha yao.

HITIMISHO

Turudi katika swali letu. Kwa nini watu waliofundishwa usawa mbele ya hakimu walisema kuwa mnyonge hana haki? Historia tuliyoieleza inajibu kuwa mafundisho hayakuwa hafifu. Yalifanya kazi vizuri mahali ambapo mnyonge alihesabiwa na fungu lake likatajwa wazi, kama alivyokuwa mjane. Yalishindwa mahali ambapo mtu aliwekwa nje ya hesabu kabla shauri halijaanza: watu wa bara jirani ya Kilwa, mtumwa wa shamba la karafuu, mwenye wakfu ambaye kesi yake ilikatwa ng'ambo. Wala msemo "Mnyonge hana haki" haukutungwa kuwa amri. Ni malalamiko, na mwenye kulalamika anajua kuwa jambo lilipasa kuwa vingine. Lau watu wale wasingefundishwa maana ya haki, wasingeona ajabu ilipokosekana.

Kwa hiyo walimu wanaposomesha historia ya pwani, wasitosheke na majina ya masultani na miaka ya mikataba. Wawaulize wanafunzi wao, katika kila zama, nani aliruhusiwa kusema mbele ya hakimu, kwa lugha gani, na neno lake lilipewa uzito gani. Kisha wawaulize swali hilo hilo juu ya zama tunazoishi, katika baraza la kijiji, katika mahakama ya mwanzo na katika ofisi ya umma. Umar, katika waraka ule, alitaka mnyonge asikate tamaa akikaa mbele ya kadhi. Taifa lolote, la dini yoyote au la dini nyingi kama letu, laweza kujipima kwa kipimo hicho.